Anza na barua pepe yenyewe

Dada, pole. Umetumia barua pepe moja tangu 2011, laini umebadilisha mara mbili, na sasa unataka kufunga akaunti zako za zamani mtandaoni lakini hukumbuki ulijisajili wapi na wapi. Wengi tuko hivyo.

Usifute kitu kwanza. Badilisha nenosiri la barua pepe yako na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili (yaani mbali na nenosiri, unaombwa uthibitisho wa pili), maana anayeishika barua pepe hiyo amezishika akaunti zako zote. Kisha kwenye sehemu ya kutafuta ya barua pepe hiyo andika "welcome", halafu "verify", halafu "thibitisha", ili zitokee barua ulizotumiwa ulipojisajili. Mimi nilikuta duka la viatu nililonunua mara moja tu, na bado lilikuwa na anwani ya nyumba niliyohama zamani. Pitia pia manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome, na orodha ya programu ulizoingia kwa kutumia akaunti ya Google. Tovuti ya Have I Been Pwned, aliyoianzisha mtaalamu wa usalama wa mtandao Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha bure kama barua pepe yako imo kwenye data zilizovuja.

Kabla ya kufunga akaunti yoyote, ondoa picha na kadi ya benki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile namba zako za zamani. Laini isipotumika muda mrefu, kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine namba hiyo, na ujumbe wa kurejesha nenosiri utaingia kwake. Popote utakapozikuta, ziondoe leo hii hii. Akaunti za magemu zinaweza kusubiri wikendi.