Maswali Yenu: Baba aliumia kichwa jeshini, sasa anasahau moto jikoni

Mama Daktari, shikamoo. Baba yangu ni sajini mstaafu, ana miaka 66. Mwaka 2000, akiwa Sierra Leone na kikosi cha Umoja wa Mataifa, lori lao lilipinduka akaumia kichwa. Alipona akaendelea na kazi hadi akastaafu, ila kumbukumbu haikurudi sawasawa na hasira ziko karibu. Mwezi uliopita aliteleza bafuni. Tangu hapo amezidi: anawasha meko na kwenda zake, anauliza kama pensheni imeingia mpaka mama anachoka. Kwenda kliniki kutoka Kayole ni matatu mbili na foleni ya barabarani. Akifika hana nguvu hata ya kusema. Je, anaweza kusaidiwa nyumbani? Kaka yangu anasema tumwache, eti samaki mkunje angali mbichi.
Binti wa Sajini, Kayole

Marahaba, binti yangu. Huko kuteleza bafuni kunanitia wasiwasi kuliko lile lori. Jeraha la miaka mingi halizidi ghafla hivyo bila sababu. Kwa mtu wa umri wake, hata kugonga kichwa kidogo kunaweza kupasua kimshipa, damu ikavuja polepole kati ya ubongo na utando wake, na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Mpelekeni hospitali leo au kesho, foleni iwepo isiwepo, mwombe apigwe picha ya kichwa. Bebeni dawa zote anazomeza, na mseme wazi kama ziko za kuzuia damu kuganda. Akianza kusinzia ovyo, kutapika, kuumwa sana na kichwa au kulegea upande mmoja, msingoje kupambazuke. Wampime na masikio pia. Askari waliozoea mlio wa bunduki wengi husikia nusu, nasi nyumbani tunasema wamesahau.

Hilo likishaangaliwa, ndiyo, anaweza kusaidiwa nyumbani, na mimi naamini nyumbani ndipo mahali pake hasa. Meko anayoiacha inawaka iko jikoni kwenu, haiko kliniki. Aliyeumia ubongo hupata taabu kuchukua alichojifunza mahali pamoja na kukitumia pengine. Marekani, idara inayohudumia wanajeshi wastaafu hutuma wahudumu hadi majumbani, na wagonjwa wengine huonwa kwa video.

Kaka yako mwambie methali hiyo ni ya malezi ya watoto. Baba yenu anashindwa kushika habari mpya, lakini mazoea huingia kwa njia nyingine, kwa kurudiarudia, na njia hiyo mara nyingi hubaki nzima. Sitashangaa nikisikia bado anatandika kitanda kama yuko kambini. Anzieni hapo.

Acheni kumtahini. "Baba, jana tulikula nini? Huyu nani?" Maswali hayo humfanya abahatishe, na kosa alilolitamka ndilo linalomkaa. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson wa Uingereza walionyesha kwamba wenye kumbukumbu iliyoharibika vibaya hujifunza vyema zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Basi jibu litangulie swali.

Tuseme pensheni. Wekeni daftari kubwa mezani, lisihamishwe kamwe. Mama aandike humo: pensheni imeingia, na tarehe. Mwambieni Mzee, "Ukitaka habari ya pensheni, fungua daftari." Papo hapo muulizeni atajuaje, ajibu, na alifungue kwa mkono wake. Pitisheni nusu dakika mkizungumza mengine, muulizeni tena. Halafu dakika moja, mbili, nne, nane. Akikwama, mpeni jibu bila kufoka, alirudie, kisha rudini kwenye muda aliouweza. Kesho vivyo hivyo. Msimwongezee jambo la pili kabla hili halijakaa.

Kuhusu meko, wekeni kiti jikoni. Sufuria, maji, kiberiti, kiti: mpangilio huo huo kila asubuhi, naye haondoki kitini mpaka chai imechemka na mtungi wa gesi umefungwa kwa mkono wake. Kwa sasa asipike bila mtu karibu, na usiku mtungi ufungwe na mmoja wenu. Fanyeni mazoezi haya asubuhi, dakika ishirini zinatosha, televisheni ikiwa imezimwa. Kelele na uchovu huziamsha zile hasira upesi. Mkimwona anaanza kusugua paji la uso au kujibu mkato, simamisheni. Wala hajifanyi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia sisi sote kufoka, na kwenye ajali nyingi ndiyo huumia.

Michezo ya simu ya "kunoa ubongo" msinunue. Mtu huwa hodari wa mchezo huo, gesi akaisahau vile vile. Akipenda drafti na wenzake, aende, kwa sababu anaipenda. Pombe aache kabisa.

Mkiwa hospitalini ulizeni kitengo cha tiba ya shughuli za kila siku, Kenyatta wapo. Waombeni mmoja aje aione nyumba hata mara moja, kisha mengine muyafuate kwa simu. Na mama yako apate siku yake ya kutoka, aende chama au kanisani bila kuulizwa atarudi lini. Siku hiyo kaka yako ndiye ashike zamu: ampeleke Mzee duka la karibu kununua maziwa, orodha na pesa zikiwa mfukoni mwa Mzee mwenyewe, yeye afuate nyuma hatua chache na asimsemeshe isipokuwa amekwama.