Kabla Hujaomba Kuingia Utawani

Wasichana wengi wanaoniuliza kuhusu utawa huanza na kazi. Anataka kuwa sista kwa sababu anapenda uuguzi, au kufundisha, au kulea yatima. Nami humjibu bila kuzunguka: hayo yote unaweza kuyafanya bila shela kichwani. Nadhiri hazimfundishi mtu kuchoma sindano. Utakachoishi kila siku ni jumuiya, basi ichunguze hiyo kwanza.

Ukialikwa kutembelea, usikubali kuishia sebuleni. Omba kulala hapo siku kadhaa. Amka nao kwenye Masifu ya Asubuhi. Wakitoka mezani, ingia jikoni mwoshe vyombo pamoja. Huko ndiko hujulikana kama wanapatana au wananuniana. Waangalie hasa wazee. Mimi nilivutwa na sista mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu: jirani yake kanisani alimfungulia zaburi, akamwekea kidole chake kwenye mstari, kisha akaendelea kusali kana kwamba hakufanya lolote. Hilo lilinieleza karama ya shirika, yaani roho yake ya pekee, kuliko kipeperushi chao.

Usiogope kwamba ukiingia ndiyo basi. Unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, hauwezi kuwa chini ya miezi 12, na mnovisi yuko huru kuondoka wakati wowote. Nadhiri za muda huchukua miaka 3 hadi 6, na hata zikiongezwa jumla haipiti 9. Wengine wana utaratibu wao kabisa: Mabinti wa Upendo, walioanzishwa mwaka 1633 na Vinsenti wa Paulo na Luisa wa Marillac, hurudia nadhiri zao kila mwaka.

Fedha nazo ziulize, ingawa wengi huona haya (sijui kwa nini, wakati ufukara ni nadhiri). Mshahara wako utaingia mfuko wa shirika. Kabla ya nadhiri za kwanza utamkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yako, na kabla ya za daima utaandika wosia. Ukitoka, kanuni ya 702 ya Sheria za Kanisa Katoliki inasema huwezi kudai malipo ya kazi uliyofanya, ila shirika litakutendea kwa haki na upendo. Muulize mlezi, yaani sista anayewalea wanaoingia: aliyetoka mwisho mlimsaidiaje? Akikasirika, tafuta shirika jingine. Na kama una deni usiloweza kulipa, limalize kwanza, maana wakuu wa shirika hawaruhusiwi kukupokea nalo.