Kwa mnaoanza kutengeneza apu hapa Malindi

Wadogo zangu, kila mara mnaniuliza nianze na fremuweki ipi, yaani vifaa tayari vya kujengea apu, Ionic, Framework7 au ile Onsen UI ya Wajapani, na mimi nauliza kwanza watakaoitumia wameshika simu gani. Manake huku kwetu hoteli moja tu ina watu aina mbili, mgeni Mtaliano na iPhone yake, alafu kijana wa boti anayewapeleka Watamu ana Android ya bei rahisi imejaa mapicha ya WhatsApp mpaka inalia. Apu ni ileile, imeandikwa kwa HTML na JavaScript kama tovuti, lakini kila mmoja anataka aone ni kitu cha simu yake.

Hapo ndo izi fremuweki zinalipa. Ionic ikiona iPhone inavaa sura ya iOS, kwengine kote inavaa ya Google, na ukitaka kuchungulia zote mbili kwenye laptopu weka ?ionic:mode=ios mwisho wa anwani. Kwaiyo acheni kulazimisha sura ya iPhone kila mahali eti ndo ya kitajiri, kidole cha mtu wa Android kimezoea mengine.

Na sura sio rangi tu jamani. Batani Apple wanataka pointi 44, Google 48, nyie mnaweka vijibatani mpaka mtu abonyeze kwa kucha. Maandishi ya fomu yakiwa chini ya pikseli 16 Safari inavuta ukurasa yenyewe pale mgeni anapogusa aandike jina, na hapo ashajua hii ni tovuti imevaa kanzu ya apu. Lakini kinachoua zaidi ni orodha ndefu. Kwenye laptopu vyumba na picha zote vinateleza poa kabisa, ipeleke kwa yule kijana wa boti uone inavyokwamakwama, sababu umeijaza simu vitu mia ambavyo havionekani hata kwenye skrini. Framework7 ina orodha inayochora vile vinavyoonekana tu. Ionic nayo ilikuwa nayo wakaitoa toleo la 7, video za zamani bado zinaifundisha, siku hizi unaleta data kidogokidogo mtu akishuka. Azimeni simu chakavu mjaribu kila siku, sio siku ya kumkabidhi mteja.

Leseni pia someni. Adobe walifunga PhoneGap, ile ya kugeuza HTML iwe apu ya simu, mwaka 2020, ila msimbo wake ulikuwa ushapewa Apache, shirika la programu huria, zamani ukaitwa Cordova, so waliojenga juu yake hawakubaki mikono mitupu, ndo raha ya programu huria hiyo. jQuery Mobile, fremuweki nyingine ya zamani, yenyewe ilistaafishwa 2021, ukikuta mtu anaifundisha pita tu.

Alafu sio kila kitu lazima kiende Play Store, Capacitor ya kuifunga HTML yako iwe apu ya dukani ipo ukihitaji, lakini mgeni wa siku nne hadaunlodi apu ya hoteli. Mpe QR pale mapokezi ifunguke kwenye brauza, na weka service worker, yaani msimbo unaokaa ndani ya brauza, ihifadhi menyu ili net ikikata asome bado. Ila kwenye iPhone Safari haimwambii mtu aiweke kwenye skrini ya mwanzo, lazima apitie ile batani ya kushea mwenyewe, kwaiyo mfundisheni dada wa mapokezi amuonyeshe.