Uliza Mwalimu wa Fidla: Ndege Wanayempenda Waingereza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Mtanda, Lindi. Nikitoka zamu ya usiku husikiliza muziki kwenye simu, ndipo nikakutana na huu wa fidla wa Kiingereza, The Lark Ascending. Hauna maneno, hauna ngoma, na unachukua dakika kama 15. Nasikia wasikilizaji wa huko huupigia kura wakauweka namba moja, mwaka huu na mwaka ule. Baba watoto anasema ni muziki wa msiba. Wanaupendea nini hasa? Na mimi ambaye sijafika kwao, mbona umenishika?
Muuguzi, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonigusa. Nimepiga fidla ya taarabu hapa Mikindani miaka mingi. Unajua ile taksim: wimbo haujaanza, dumbaki limenyamaza, wenzako wanashikilia sauti moja ya chini, na wewe mwenye fidla unaachiwa njia. Unapanda taratibu, unazunguka, unarudi, hakuna anayekuhesabia. Ukiipata vizuri, akina mama wa mstari wa mbele wanaacha kujipepea, zile pepeo zinabaki zimesimama mapajani.

Sasa rudia dakika mbili za mwanzo za muziki wako. Okestra inaweka sauti chache laini, inazishikilia, halafu fidla inaondoka peke yake. Ni taksim ile ile, mwanangu. Aliyeutunga, Ralph Vaughan Williams, hakuwa akiwaza taarabu, lakini sikio lako la pwani limeitambua hali hiyo kabla hujajua jina lake. Tofauti ni kwamba sisi taksim tunaibuni papo hapo, na yeye ameandika kila sauti. Alichokiondoa ni ile mistari ya kugawa mapigo, ili mpigaji avute pumzi anavyotaka. Tena mwanzo ule unasimama juu ya ngazi ya sauti tano, na nyimbo za kienyeji za mataifa mengi zinatumia ngazi ya namna hiyo. Wagogo wetu nao wana ngazi yao ya sauti tano. Ndiyo maana haumdai mtu elimu.

Niliwahi kuujaribu barazani kwangu msimu wa kusi. Vidole havikusumbua. Tabu ilikuwa upinde. Kule juu kabisa, ukiukandamiza kidogo tu sauti inakwaruza, na ukiulegeza inakatika. Nilikaa wiki tatu na sentensi moja ya muziki isiyofika nusu dakika. Tangu hapo namheshimu kila anayeupiga hadharani.

Sasa Waingereza. Jina la muziki wako maana yake ni ndege "lark" anayepaa. Huyo ndege ni jamii ya kipozamataza, mdogo, wa rangi ya udongo, ambaye hutaga chini kwenye nyasi. Anaimba huku anapaa wima mpaka jicho linampoteza, na sauti bado inashuka. Mshairi wao George Meredith alimwandikia shairi la mistari 122 mwaka 1881, na mtunzi akanakili mistari 12 ya shairi hilo kwenye karatasi za muziki. Aliutunga mwaka 1914, kisha vita vikuu vikaanza akauweka kando. Alijiunga na jeshi akiwa na miaka 40 na kitu, akawa mbeba majeruhi, baadaye akahamia mizinga, na mizinga ikamharibu masikio. Aliporudi aliurekebisha pamoja na mpiga fidla Marie Hall, ambaye ndiye aliyetunukiwa muziki huu. Ulipigwa mara ya kwanza kwa fidla na piano tarehe 15 Desemba 1920, tena si London bali kwenye ukumbi wa Shirehampton, karibu na Bristol. Okestra ilifuata London, Juni 1921.

Kwa hiyo baba watoto hajakosea sana. Hauna msiba ndani yake, lakini wengi kule huusikia kama nchi yao ilivyokuwa asubuhi, kabla ya mabomu. Na ndege mwenyewe amepungua. Tangu miaka ya 1970 zaidi ya nusu yao wametoweka Uingereza, na sababu kubwa ni kilimo: ngano sasa hupandwa vuli, hivyo ikifika majira ya kutaga imeshakuwa ndefu na imesongamana, ndege hana pa kuweka kiota. Mzee aliyemsikia utotoni akienda shamba leo hamsikii tena, ila redioni. Mimi naamini kura nyingi zinatoka hapo. Redio yao ya Classic FM hupigisha kura kila Pasaka. Muziki huu ulishika namba moja mara ya kwanza mwaka 2007, na ingawa konseto ya pili ya piano ya mtunzi Mrusi, Rachmaninov, imewahi kuushusha, umerudi kileleni mara nyingi.

Wapo wataalamu wanaosema ni mtamu mno, hauna mgogoro. Siwaungi mkono. Pale katikati, fidla inapocheza kama watu wako kwenye gulio la kijijini, unasikia mtunzi aliyezunguka vijijini miaka mingi akiandika nyimbo za wakulima kutoka vinywani mwao. Utamu huo ameufanyia kazi.

Ukipata nafasi tafuta aliopiga Hugh Bean mwaka 1967. Okestra inaongozwa na Adrian Boult, yule yule aliyeongoza London mwaka 1921. Tumia spika za masikioni, na usiwe jikoni.

Na baba watoto mkalishe asikilize mwisho. Okestra imeshanyamaza, fidla imebaki peke yake juu, inazidi kuwa nyembamba. Mimi hapa Mikindani, kila nikiufikia mwisho ule, najikuta nasikiliza maji ya ghuba yakigonga ukuta, na sijui fidla imeniachia wapi.