Vikofia vya spika vilivyobonyea na ringi iliyong'oka

Salama ndugu. Umesema vikofia vya katikati vya spika za redio kaseti yako vimebonyea, kimoja kimechanika, na ringi ya rangi ya fedha inayozunguka spika imeng'oka. Kabla ya kununua chochote, bonyeza koni (ile sehemu pana ya spika inayotikisika) polepole kwa vidole, pande zote sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, ndani ya sumaku) inasugua, na kikofia kipya hakitakusaidia.

Kilichobonyea tu, bandika selotepu uvute taratibu. Changu kilirudi mara ya tatu, kikabaki na kunyanzi. Naishi nacho.

Kilichochanika, pima kipenyo kwa milimita pale kinapogusana na koni, kisha zunguka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, ukiulizia spika zilizokufa. Changu nilikitoa kwenye spika ya gari. Unapokata cha zamani shika wembe imara, sumaku itauvuta. Tundu likiwa wazi lizibe kwa mkanda wa karatasi, maana chembe ya chuma ikiingia humo kuitoa ni shughuli. Tumia gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba. Supagluu niliijaribu mara moja: ikatiririka hadi kwenye koili, spika ikakwama kabisa.

Ringi ni kazi ndogo. Kwangua gundi kuukuu, paka gundi ya viatu, kandamiza usiku kucha.