Jibu kwa dada wa Kahawa West: tafuta daktari kabla mbwa hajaugua

Dada, umesema mjomba wako amekupa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, unaishi nyumba ya kupanga Kahawa West, hutoka kazini saa kumi na mbili jioni, na Desemba utasafiri Kakamega. Umeuliza kama utafute daktari sasa, au agroveti ya mtaani, duka la dawa za mifugo, itakutosha mpaka siku atakapougua. Tafuta daktari wiki hii hii.

Mbwa wangu wa kwanza, Bosco, aliacha kula siku ya Alhamisi. Nikaenda agroveti, kijana wa kaunta akaniuliza maswali mawili, akaniuzia dawa ya minyoo. Ijumaa nikarudi, nikapewa sindano nikamdunge mwenyewe. Jumamosi ufizi wake ulikuwa umepauka, na mkojo una rangi ya turungi. Jumapili nilipiga simu huku na huku nikitafuta daktari aliyefungua. Nilipompata ilikuwa mchana, na Bosco akafa jioni ile ile.

Ilikuwa homa ya kupe. Kupe wa mbwa hubeba vijidudu viitwavyo babesia, ambavyo huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ndiyo maana ufizi hupauka na mkojo hugeuka rangi. Tone moja la damu likitazamwa kwa darubini mara nyingi hutosha kuvionyesha, na dawa yake ipo. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeona kupe masikioni mwake, nikawatoa kwa vidole, nikadhani yamekwisha. Kilichomuua ni zile siku tatu za kubahatisha, na fedha nilizotumia kubahatisha zingelipia kipimo.

Sina ugomvi na watu wa agroveti. Dawa ya kupe nanunua kwao mpaka leo. Lakini mtu aliye nyuma ya kaunta hajamshika mnyama wako, hajampima joto. Kwa sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo Kenya lazima asajiliwe na Kenya Veterinary Board, kwa hivyo muulize nambari yake ya usajili bila haya. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Muulize pia nani hupokea simu usiku na Jumapili, kisha uhifadhi nambari hiyo kwenye simu yako.

Mimi baada ya Bosco nilianza kwenda kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, wanakofunzwa madaktari wa mifugo. Unaweza kukaa muda mrefu kwa sababu wanafunzi hukagua mnyama pamoja na walimu wao, lakini nilipenda ule ukaguzi wa kichwa mpaka mkia, na kila jambo likielezwa kwa sauti. Shera, mbwa niliye naye sasa, nilijua uzito wake halisi pale kwa mara ya kwanza. Uzito ndio hupima dozi ya kila dawa.

Umri wa mbwa wako ndio umri wa hatari ya parvo, ugonjwa wa kirusi unaoleta kutapika na kuhara. Hakuna dawa ya kuua kirusi hicho mwilini. Daktari humpa maji kwa mshipa na kuzuia kutapika mpaka mwili wenyewe upigane. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, halafu hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Kabla hajamaliza, usimtembeze chini kwenye njia za ploti. Kirusi hukaa udongoni miezi mingi. Mbebe. Akifikisha miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, halafu arudie kwa tarehe atakayoandika daktari. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huwa na chanjo za bure, fuatilia matangazo. Na akiumwa, usimpe dawa zako za maumivu. (Jirani mwenye paka mwambie: kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumuua paka.)

Kuhusu kazi: mtoto wa mbwa hawezi kufungiwa peke yake mchana kutwa. Mimi humlipa mama mmoja wa ghorofa ya chini, aingie saa sita, ampe maji na kumtoa. Ongea kwanza na mwenye nyumba, upate ruhusa kwa maandishi.

Desemba ndiyo nzito. Mwaka wa kwanza nilimwacha Shera kwenye makao ya kulaza mbwa niliyoyajua kwa picha tu. Alirudi amekonda, anakohoa, na hakuna aliyekuwa ameniuliza kadi ya chanjo. Hilo ndilo lililopaswa kunizindua, kwa sababu wasipoiuliza yako, hawajauliza ya mbwa anayelala karibu naye. Sasa naenda mwenyewe Oktoba, naomba kuona wanakolala, nauliza wana watu wangapi usiku wa Krismasi na daktari wao ni nani. Wakikataa nisiingie ndani, naondoka.

Ikitokea umeshindwa kumlea, usimwache barabarani. KSPCA, chama cha kulinda wanyama kilicho Lang'ata Road upande wa Karen, hupokea wanyama na kuwatafutia makao. Wapigie mapema.

Bosco nilimzika kwa shangazi, Ruiru. Kazini waliniambia ni mbwa tu. Shangazi hakusema kitu, alichukua jembe tukachimba pamoja. Mtafute mtu wa namna hiyo pia, wa kukushika mkono unapokesha na mgonjwa.

Jumamosi hii mpeleke, ukibeba kinyesi kidogo kwenye kikopo safi wapime minyoo. Kwenye kadi ya chanjo wataandika jina. Umeshampa?