Weka "would" mbali na "if"

Nimesahihisha insha na barua nyingi za Kiingereza zilizoandikwa na watu waliokulia katika Kiswahili, na sentensi inayorudi kuliko zote ni hii: "If I would know, I would come." Mara nyingi mwandishi wake ni mtu makini, mwenye msamiati mpana na hoja zilizopangika. Ameandika hivyo kwa sababu Kiswahili kimemfundisha hivyo, na ndiyo maana kumwekea alama nyekundu peke yake hakumsaidii. Anahitaji kuonyeshwa kosa linatoka wapi.

Linatoka kwenye ulinganifu. Tunasema "ningejua ningekuja", "angalisoma angalifaulu". Kiambishi kikiwa -nge- upande huu, kinakuwa -nge- upande wa pili; kikiwa -ngali-, kinarudi vilevile. Sikio limezoea pande mbili zilizofanana. Kiingereza kinagawa kazi: upande wa "if" unabeba wakati wa kitenzi, na upande wa pili ndio unaobeba kitenzi kisaidizi, yaani "will", "would", "can", "could", "may" au "might". Kwa hiyo "ningejua ningekuja" ya sasa inakuwa "If I knew, I would come." Neno "would" limetokea mara moja tu.

Ugawaji huo si mgeni kwetu, na hapa ndipo ninapopenda kuanzia na wanafunzi. Tazama "mvua ikinyesha, tutabaki ndani." Alama ya wakati ujao, -ta-, iko upande mmoja, upande wa sharti una -ki- tu, ingawa mvua yenyewe haijanyesha bado. Kiingereza ni hivyohivyo: "If it rains, we will stay inside." Wanaoandika "If it will rain" huwa wamewaza kwa njia nyingine tuliyo nayo, "kama mvua itanyesha". Basi unapotaka kuandika sharti linalowezekana, liseme kwanza kichwani kwa -ki-. Litakuja kwa Kiingereza likiwa limenyooka.

Sharti la kudhani tu linataka subira zaidi. "If I had a car, I would drive you there." Umbo la kitenzi ni la wakati uliopita lakini jambo ni la leo. Wanafunzi wengi hukwama hapa: mbona "had" wakati nazungumzia sasa? Jibu ninalowapa ni kwamba Kiingereza hutumia umbo la wakati uliopita kuonyesha umbali, na umbali huo unaweza kuwa wa wakati au wa uhalisia. Gari sina, nimelisogeza mbali na ukweli kwa "had". Kwa kitenzi "be", andika "were" kwa nafsi zote: "If I were you, I would wait." Katika mazungumzo utasikia "If I was" kila mahali, ila kwenye maandishi rasmi "were" haikuangushi.

Sharti lililokwisha kupita lina ugumu wake, nao unatoka kwetu. Katika mazungumzo ya kila siku -nge- imebeba mzigo wa -ngali-, hivi kwamba "ungeniambia ningekuja" inaweza kuwa ya leo au ya mwaka jana. Kiingereza hakikuachi uchague baadaye. Kabla ya kuandika, jaribu kuongeza neno "jana". Likikaa vizuri, upande wa "if" unataka "had" na umbo la tatu la kitenzi, na upande wa pili unataka "would have" na umbo la tatu: "If you had told me, I would have come."

Kisha kuna mtego wa masikio. Wazungumzaji hufupisha sentensi hiyo: "If you'd told me, I'd have come." Anayesikiliza kwa sikio la Kiswahili anasikia "'d" mbili zilizofanana, na anaamini amepata uthibitisho kwamba "would" hurudiwa. Angalia kinachofuata. "Told" ni umbo la tatu, hivyo "'d" ya kwanza ni "had". "Have" ni umbo la kwanza, hivyo ya pili ni "would". Na ile "would of" unayoiona ikiandikwa ni "would've" iliyoandikwa jinsi inavyosikika. Usiifuate hata ukiiona kwa wazawa wa lugha yenyewe. Vivyo hivyo "If I would have known", ambayo Wamarekani wengi huitamka: ielewe unapoisikia, lakini usiiandike kwenye mtihani.

Ukishajua upande wa kisaidizi, chagua kisaidizi chenyewe kwa maana. "If you asked her, she would help": angekusaidia, nina hakika. "She could help": angeweza, ana uwezo. "She might help": huenda angekusaidia. Naona watu wakiandika "would can" ili kuitafsiri "angeweza" kipande kwa kipande. Visaidizi vya aina hii havifuatani. "Could" inatosha, au "would be able to" ukitaka kusisitiza uwezo.

Tofauti ya "may have" na "might have" inastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu inaweza kubadili habari nzima. "If he had worn a seat belt, he might have survived" inaeleza kwamba mtu huyo alikufa. Ukiandika "he may have survived", baadhi ya wasomaji watadhani bado haijajulikana kama yu hai. Kwa jambo ambalo halikutokea, tumia "might have".

Je, visaidizi havikai kabisa upande wa "if"? "Could" hukaa, kwa sababu ni umbo la wakati uliopita la "can": "If I could swim, I would join you." "Should" hukaa pia, kuonyesha kwamba jambo halitarajiwi sana: "If you should see him, give him this." Na "will" na "would" hukaa pale zinapobeba utayari badala ya wakati. "If you won't listen, I can't help you" ni ya mtu anayekataa kusikiliza. "If you would sign here, please" ni ombi la heshima.

Ombi hilo ndilo utakalolihitaji zaidi kwenye barua za kikazi, na namna salama ya kuliandika ni "I would be grateful if you could send me the form." "Would" iko upande wake, na "could" upande wa "if" inauliza kama mwenzako ana nafasi. Ukiwa na barua unayotaka kuituma wiki hii, tafuta kila "if" iliyomo, soma kitenzi kinachoifuata, na ukikuta "would" jiulize kama unaomba jambo. Kama huombi, iondoe na uweke umbo la wakati uliopita.